Safu ya Chumvi

Mimi nilikuwa mkalimani tu.
Siku tatu Kibiro, chini ya genge la Bunyoro,
turubai la buluu, viti vya plastiki,
soda ya moto kwa kila aliyetia sahihi.
Kazi yangu: kuyavusha maneno ya kampuni hadi Kinyoro,
kisha hadi Kiswahili, kwa ajili ya wale waliotoka ng'ambo, Kongo,
wakaoa hapa, wakazaa hapa, wakasahau kurudi.

Mhandisi alitandaza ramani, akaikandamiza kwa mawe manne,
maana upepo wa Mwitanzige, ziwa muua-nzige,
hauheshimu karatasi.
Visima sita majini, akasema. Bomba moja
litapanda nchi kavu hapa.
Kidole chake kikatua, niliona vizuri,
juu ya kijito kitokacho chemchemi ya moto.

"Athari ni ndogo na zinadhibitika."
Kinyoro hakikunipa neno la haraka.
Nikasema: zinashikika.
Kijana mmoja mwenye nyavu begani akacheka hadi akakohoa:
mafuta yanashikika?
Kwa mkono upi?

Ndipo aliposimama Kabatalya, empaako yake Abwoli,
miguu myeupe hadi magotini.
Akaomba fomu. Akaisoma kwa sauti, taratibu,
kama anayetoa mawe kwenye mchele.
Nyumba: ya bati, ya nyasi.
Mwembe. Mgomba. Mbuzi.
Kaburi: lenye saruji, lisilo na saruji.
"Na udongo wangu uko safu ipi?"

"Shamba, mama? Umepanda nini?"
"Sijapanda. Hapa haioti hata pilipili."
"Basi ni ardhi tupu."
Hilo nalo nililifasiri. Mungu anisamehe,
nililifasiri vizuri.

Hakugombana. Alitangulia, sisi nyuma,
buti za mhandisi zikinyonywa na tope,
hadi kwenye vishamba vidogo kama mikeka,
kila kimoja na mpaka wake wa mawe.
Hiki cha mama yake, aliyepewa na mama yake,
na huko nyuma zaidi majina yalimwishia,
akabaki anahesabu kwa vidole, kimya.

Asubuhi unanyunyiza vumbi kavu juu ya unyevu.
Jua linavuta chumvi.
Jioni unakwangua, unachuja kwa chungu kilichotobolewa,
unachemsha usiku, macho yanawaka moshi,
na kesho vumbi lilelile unalirudisha lilale palepale.
"Huu," akasema, kiganja kimejaa,
"ni ule aliokwangua nyanya yangu.
Haujawahi kubadilishwa. Ukiingia mafuta, tone moja,
nitauosha kwa maji gani?"

Mhandisi alitaka swali lifasiriwe mara mbili.
Mara ya pili niliongeza ya kwangu, sikulipwa kwa hayo:
kwamba mvua inayonyesha juu ya genge haiishii juu,
inashuka kwa mifereji isiyo na jina kwenye ramani,
inapita vishambani, inaingia ziwani,
na ziwa halikai, linatoka na Nile,
Pakwach wanaoga, Nimule wanachota,
na mbele ya Nimule kuna mama
anayeonja mchuzi wake sasa hivi
bila kujua kwamba tunamjadili.

Akasikiliza. Si mtu mbaya, alikuwa na jua kali shingoni.
Akachukua kalamu, akashuka chini kabisa ya fomu,
akaandika kwenye mstari wa mwisho: Mengineyo.
"Ameandika nini?" Kabatalya akaniuliza.
Nikatafuta neno.
Nikasema: ameandika kwamba hajui.

Jioni nilitia sahihi posho yangu.
Kabatalya akanifuata hadi kwenye gari
na donge la chumvi ndani ya jani kavu.
Nikainamisha kichwa kushukuru kwa zawadi.
Akataja bei.

Nimelipa. Liko jikoni kwangu, Hoima, juu ya rafu,
na kila maharage yanapochemka
nakwangua kidogo, kidogo sana,
kisha nalifunga tena.